Kocha wa kwanza: hadithi ya mishahara ya Chrysler

Nimekaa kimya wiki tatu, mnisamehe, kazi zilinizidi. Leo tupige historia kidogo.

Kilichonichokoza ni mambo ya kazini. Mwezi jana wakubwa walituletea mtu waliyemwita kocha. Alikaa nasi siku mbili, akabandika vikaratasi vya manjano ukutani, akatufundisha kufanya mkutano wa kusimama dakika 15 kila asubuhi, akaenda zake. Vikaratasi vingine vimeshaanguka. Juzi bosi akaniambia, "Wewe si umesomea kompyuta? Basi endelea wewe kuwa kocha." Sasa kocha wa nini? Mimi kocha ninayemjua ni wa mpira! Ikabidi nirudi nyuma nione kazi hii ilianzaje.

Twende Marekani, eneo la Detroit, kwenye kampuni ya magari ya Chrysler. Kampuni hiyo ilikuwa na mifumo kadhaa ya zamani ya kulipa mishahara, ikataka mfumo mmoja mpya wa kulipa watu wapatao 87,000. Mradi ukaitwa C3, ukaandikwa kwa lugha ya Smalltalk. Msidhani mishahara ni kazi rahisi. Kuna wa kila mwezi na wa kila wiki, kuna saa za ziada, makato, mikataba ya vyama vya wafanyakazi, na kila kanuni ina vighairi vyake. Ukikosea, mtu anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kufikia 1996 mradi ulikuwa umekula miaka na haujatoa hata hundi moja ya mshahara. Wakamwita Kent Beck, mtaalamu wa Smalltalk, waliyetaka aje kuongeza kasi ya mfumo. Beck akaona ugonjwa hauko kwenye kasi. Faida gani kuharakisha kitu ambacho hakijalipa mtu yeyote? Ushauri wake ukawa mchungu: tuanze upya. Wakubwa wakakubali. Beck mwenyewe hakuhamia pale, alikuwa akija na kuondoka. Kwa hiyo akamleta Ron Jeffries akae na timu. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa kocha wa kwanza wa mtindo ulioitwa Extreme Programming, kwa kifupi XP.

Je, walifundishwa nini? Kwanza, kazi iligawanywa vipande vidogo vilivyoandikwa kwenye kadi, na kila baada ya wiki chache timu ilionyesha kilichokamilika. Pili, mtu anayeijua kazi ya mishahara alikaa chumba kimoja na watengenezaji. Swali likizuka, unamgeukia tu, huandiki barua ukangoja jibu wiki nzima. Tatu, watu wawili waliandika programu kwenye kompyuta moja, mmoja akiandika na mwingine akiangalia.

La nne ndilo ninalolipenda zaidi: majaribio kabla ya msimbo. Tuseme mtu analipwa 200 kwa saa, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Amefanya saa 3 za ziada. Kabla ya kuandika hesabu yenyewe, unaandika jaribio linalosema jibu lazima liwe 900. Unaliendesha, linafeli, maana hakuna kitu bado. Kisha unaandika msimbo kidogo tu wa kulifanya lipite. Baadaye mtu akibadilisha kitu upande mwingine na hesabu yako ikaharibika, jaribio linapiga kelele siku hiyo hiyo. Mwaka 1997 Beck na Erich Gamma waliandika JUnit, programu ya kufanyia majaribio ya namna hii katika Java, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Ukiandika Java, karibu hakika umewahi kuigusa.

Basi, matokeo? Mwezi Mei 1997, ukiwa umechelewa miezi michache, mfumo ulianza kulipa watu kama 10,000, wale wa mshahara wa mwezi. Baada ya miaka ya kutolipa mtu hata mmoja, hayo si madogo.

Lakini hapa ndipo wengi wanaosimulia hadithi hii hunyamaza. Yule mtu wa mishahara aliyekaa na timu alichoka kabisa, akaacha kazi, na hakupatikana wa kuziba pengo lake. Waliokuwa wakiomba kazi na waliokuwa wakitoa pesa wakawa hawataki kitu kimoja. Mwaka 1998 Chrysler ikaungana na Daimler ya Ujerumani. Kundi la wafanyakazi wengine halikuingizwa kamwe, na Februari 2000 mradi ukafutwa. Wakati huo kitabu cha Beck kuhusu XP, kilichotoka 1999, kilikuwa tayari mikononi mwa watu. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2001, watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika tamko la Agile. Beck na Jeffries walikuwamo.

Je, C3 ilishindwa? Wapinzani wa XP wanasema ndiyo, watetezi wanasema iliuawa na siasa za kampuni. Mimi naona wote wana haki kidogo. Kocha aliwafundisha watengenezaji kufanya kazi safi. Ila mzigo wote wa maswali uliwekwa begani mwa mtu mmoja, na wenye pesa walibaki nje ya chumba. Timu ya mpira inaweza kucheza vizuri na bado ligi ikavunjwa na viongozi wa chama. Sisi Wakenya hilo hatuhitaji kufundishwa.

Jambo moja limenigusa katika kitabu hicho. Beck anasema kazi za kocha ni pamoja na kuhakikisha timu ina chakula na vitu vya kuchezea, na kwamba kadiri timu inavyokomaa, ndivyo kocha anavyopungua umuhimu. Yaani kocha mzuri anajenga timu isiyomhitaji. Hilo halifanyiki kwa siku mbili na gundi ya ukutani.

Kwa hiyo Jumatatu sikuitisha mkutano wowote. Nilivuta kiti nikakaa karibu na kijana aliyejiunga nasi mwaka huu, tukaandika jaribio moja la ripoti ambayo hutusumbua kila mwisho wa mwezi. Likafeli. Tukakuta kosa ambalo nililiandika mimi mwenyewe mwaka jana! Alicheka, nami nikacheka. Mchana nikanunua mandazi ya timu nzima.

Na mtu wetu wa uhasibu, anayejibu maswali yetu yote peke yake? Nimemwomba bosi ampatie msaidizi. Bado nangoja jibu.

Kwenu mambo yakoje? Niandikieni. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.