Kuukuu

Ndani ya "kuukuu" sikio husikia "kuu" mara mbili, nami naona hiyo ni heshima. Nguo kuukuu imetumika sana; hakuna aliyesema ni mbovu. Wauza vipya wangependa tuyachanganye maneno hayo mawili. Wahenga waliyatenganisha: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Goma kwenda Sake, wasukuma chukudu nao hawayachanganyi. Chukudu ni chombo cha mbao cha kubebea mizigo, na magurudumu yake huvishwa mpira uliokatwa kwenye matairi ya zamani ya magari. Mawe ya volkano hayana huruma, hivyo mpira huisha kwanza. Basi hubadilishwa mpira peke yake. Gurudumu likipasuka ndipo fundi huchonga jingine, na hata hapo ubao mkubwa unabaki. Kabla ya kutoa franka huulizwa: nini hasa kimekwisha? Pale mjini Goma kuna sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu. Hiyo haibebi viazi wala makaa, kwa hiyo haijapata bahati ya kuitwa kuukuu.