Ladd na Ubavu wa Kusema Hapana

Hapa Mwanza tumezoea kumwona mchezaji akishangiliwa Uwanja wa Kirumba, na miaka michache baadaye tunamkuta Mwaloni akitafuta kibarua cha kubeba magunia ya dagaa. Huwa najiuliza: mguu ukiwa ndilo shamba pekee la mtu, siku ukiteguka atakula nini? Leo nawaletea kisa cha Ernie Ladd wa Marekani.

Ladd alizaliwa Louisiana mwaka 1938, akasoma Grambling, chuo cha watu weusi. Mwaka 1961 alijiunga na San Diego Chargers kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatia mpira na kuvaa kofia ngumu. Lilikuwa jitu la zaidi ya mita mbili. Mwaka huo huo, ligi ikiwa mapumzikoni, akaanza mieleka ya kulipwa.

Katika mieleka ile mshindi hupangwa kabla. Lakini kuanguka ni kuanguka, na malipo ni malipo. Ladd alijifanya mbaya wa ulingo. Watu walitoa kiingilio wakamzomee.

Januari 1965 wachezaji weusi walioitwa New Orleans kwa mechi ya nyota wa ligi walinyimwa teksi na kuzuiwa kwenye vilabu vya starehe. Waligoma, Ladd akiwemo, na mechi ikahamishiwa Houston. Wengi wao hawakuwa na mieleka ya kuwalinda; heshima kwao.

Mwaka huo huo Ladd alivutana na Chargers juu ya mkataba. Hakupiga magoti. Msimu ulipokwisha aliondoka, akachezea Houston Oilers, kisha Kansas City Chiefs. Magoti yalipochoka, mwaka 1968 ukawa wake wa mwisho uwanjani. Hakulala njaa, kwani ulingo ulimweka hadi miaka ya 1980. Mwaka 1995 WWF ilimtia katika orodha ya magwiji wake. Alifariki mwaka 2007.

Sisemi vijana wa Pamba na Toto waende kupigana mieleka. Nasema mwenye riziki moja humwogopa anayempa. Viongozi wa klabu, waachieni vijana jioni mbili kwa wiki wajifunze useremala, umeme au udereva. Mchezaji mwenye ufundi mkononi, akiambiwa asaini au aondoke, anao uwezo wa kuondoka.

Tukutane wiki ijayo.