Kuku wachanga Kasese na Bwera: wiki zinazoamua faida ya mfugaji

Katika nyua nyingi za Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, ufugaji wa kuku huanza na vifaranga wachache wanaolelewa karibu na jiko, pamoja na tumaini la mayai au la kuuza majogoo wakati wa sikukuu. Tangu serikali ilipozindua Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ujulikanao kwa kifupi kama PDM, mnamo Februari 2022, kuku wamekuwa miongoni mwa miradi inayochaguliwa na kaya zinazokopa hadi shilingi 1,000,000 za Uganda. Mkopo huo hudaiwa hata pale banda linapobaki tupu.

Mfugaji anayeanza huelekeza nguvu zake zote kwenye siku za mwanzo: joto, maji safi na chakula cha vifaranga. Wakishavuka mwezi mmoja, huamini kwamba kazi ngumu imekwisha. Ukweli ni kwamba kipindi cha kati ya wiki ya tano na ya kumi na nane ndicho kinachomaliza chakula kingi zaidi, na ndicho kinachoamua kama kuku atataga vizuri, atadumaa au atakufa kabla ya kurudisha hata shilingi moja.

Si kifaranga, si kuku kamili

Kiswahili kina majina ya umri huo. Kuku jike anayekaribia kutaga huitwa tembe, na dume ambaye bado hajaanza kuwika huitwa pora. Kabla ya kufikia hapo, ndege huyo hupita katika hali isiyo ya kifaranga wala ya kuku kamili. Malaika yake hupukutika na manyoya halisi huota. Mifupa hurefuka haraka, na kinga aliyorithi kutoka kwa mama yake huwa imekwisha.

Kwa kuku wa kienyeji aliyeanguliwa na mama yake, mabadiliko hayo huja pamoja na upweke. Mama huwafukuza watoto wake wanapokaribia miezi miwili au mitatu ili arudi kutaga, na hapo ndipo wanapokosa mlinzi dhidi ya mwewe na mwalimu wa kutafuta wadudu. Kwa kuku walionunuliwa kutoka kiwanda cha kuangulia, kama vile kuroila walioingizwa Uganda kutoka India kuanzia mwaka 2010, mama hakuwepo tangu mwanzo. Kila kitu ambacho mama angewafundisha ni jukumu la mfugaji.

Hesabu ya chakula

Kuku mmoja wa aina ya mayai hula takriban kilo 2 za chakula tangu kuanguliwa hadi wiki ya nane. Kuanzia hapo hadi anapokaribia kutaga, hula takriban kilo 5 zaidi. Kwa kuku 50, hiyo ni kilo 100 katika kipindi cha kwanza na kilo 250 katika kipindi cha pili. Mfugaji aliyetumia fedha zake zote kununua vifaranga na mifuko ya mwanzo hujikuta mikono mitupu wiki ya tisa, wakati kuku wake wanahitaji karibu kilo 3 kila siku.

Ndiyo maana hesabu ya chakula hutangulia hesabu ya vifaranga. Mwenye fedha za kulisha kuku 30 hadi wiki ya kumi na nane hupata zaidi akinunua 30 kuliko akinunua 60 na kuwapunguzia chakula katikati ya safari. Kuku aliyedumaa katika umri huu huchelewa kutaga na hutoa mayai madogo, na chakula kingi atakachopewa baadaye hakirudishi mifupa ambayo haikukua kwa wakati wake.

Chakula chenyewe hubadilika kwa umri. Vifaranga huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Baada ya wiki ya nane, chakula cha kukuzia chenye protini ya asilimia 15 hadi 16 kinatosha. Mabadiliko hufanywa polepole kwa muda wa wiki moja, kwa kuchanganya chakula cha zamani na kipya. Kosa la hatari ni kuwapa kuku wachanga chakula cha kutagia mapema ili wawahi kutaga. Chakula hicho kina chokaa nyingi kwa ajili ya magamba ya mayai, na chokaa hiyo huharibu figo za kuku ambaye bado hajaanza kutaga.

Pamba, dagaa na chumvi

Kasese ina vitu vingi vinavyoweza kupunguza gharama, lakini kila kimoja kina mpaka wake. Pumba za mahindi huleta nguvu, ila mahindi yaliyovunda yana sumu ya ukungu inayoharibu ini, na kuku wachanga ndio huumia kwanza. Pumba zenye harufu ya uvundo au madonge hazifai, hata zikiuzwa kwa bei nafuu.

Uwanda wa Kasese hulima pamba, na mashudu ya mbegu za pamba yana protini nyingi. Hata hivyo, yana kemikali ya asili iitwayo gosipoli, ambayo hudhoofisha kuku ikizidi. Mashudu hayo hutumiwa kwa kiasi kidogo tu, na hayawezi kuwa chanzo pekee cha protini. Dagaa, wanaojulikana Uganda kama mukene, ni bora zaidi, iwapo hawana mchanga wala chumvi nyingi.

Chumvi inahitaji uangalifu wa pekee katika wilaya iliyo na Ziwa Katwe, ambako chumvi imevunwa kwa vizazi vingi na ambako wafugaji wa ng'ombe hupata ya kulambisha mifugo yao. Kinachomfaa ng'ombe kinaweza kumuua kuku. Chumvi yote katika chakula cha kuku, pamoja na ile iliyomo ndani ya dagaa, haipaswi kuzidi nusu kilo katika kila kilo 100. Kuku aliyepewa chumvi kupita kiasi hunywa maji bila kukoma, huhara, hulegea miguu na kufa.

Maganda ya muhogo hukaushwa vizuri juani kabla ya kusagwa ili sumu yake ipungue. Maharage mabichi hayafai kwa kuku. Mabaki yaliyopikwa hayana tatizo.

Joto la uwandani, baridi ya mlimani

Wilaya ya Kasese ina hali ya hewa zaidi ya moja. Ziwa George liko mita 914 juu ya usawa wa bahari, na ikweta hupita katika uwanda huo wenye joto kali. Juu yake imesimama Milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita hufikia mita 5,109. Ushauri unaomfaa mfugaji wa mjini Kasese haumfai jirani yake wa Kilembe au wa miteremko ya Ihandiro, juu ya Bwera.

Vifaranga huanza na joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, kisha hupunguziwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Uwandani, jiko la mkaa huwa halihitajiki mchana kuanzia wiki ya nne, na mara nyingi hata usiku. Mlimani, usiku wa mvua huwataka wafugaji kuendelea na joto hadi manyoya yafunike mgongo na kifua, kwenye wiki ya sita hivi. Kuku wenyewe hutoa habari: wakirundikana pamoja wana baridi, wakitawanyika pembeni, midomo wazi na mabawa yakiwa yameachana na mwili, wana joto.

Baada ya umri huo, adui wa uwandani ni joto. Kuku hatoi jasho. Hujipoza kwa kuhema. Banda linalojengwa kwa urefu kuelekea mashariki na magharibi huzuia jua kuingia moja kwa moja, na paa la nyasi hupoza kuliko bati tupu. Maji huwekwa kivulini na kubadilishwa mara kadhaa kwa siku. Chakula hutolewa alfajiri na jioni, kwa sababu kuku anayehema saa saba mchana hali.

Nafasi ni sehemu ya hali ya hewa. Mita moja ya mraba inayotosha vifaranga 20 inatosha kuku 8 hadi 10 wanapofikia wiki ya nane. Wakibanana, hudonoana hadi kutoana damu. Vijiti vya kulalia huwekwa kuanzia wiki ya nne au ya tano, vikiwa chini kwanza, ili wajifunze kupanda na kuepuka kulala juu ya kinyesi.

Kutoka nje kwa mara ya kwanza

Kuku waliokulia ndani hawajui ua wala mwewe. Huachiwa nje wakiwa na wiki tano au sita, saa moja tu kabla ya jua kuzama, wakiwa na njaa kidogo. Giza na chakula kilichowekwa bandani huwarudisha ndani bila kukimbizwa. Muda huo huongezwa siku hadi siku. Vichaka na vibanda vidogo uani huwapa mahali pa kujificha kutoka kwa mwewe. Nguchiro, vicheche na nyoka huzuiwa kwa kuziba matundu na kufunga mlango kila jioni.

Hawachanganywi na kuku wakubwa mapema. Mtetea aliyezoea ua hubeba vijidudu vya kuhara damu bila kuugua, lakini kuku wachanga hufa navyo. Kufikia wiki ya kumi na mbili au zaidi, makundi mawili huanza kuonana kupitia wavu kwa wiki moja kabla ya kuishi pamoja.

Maradhi yenye msimu

Kuhara damu, yaani koksidiosi, huwapata hasa kuku wa wiki tatu hadi nane, na hustawi kwenye unyevu. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za kati ya Agosti na Novemba, hulowesha matandazo. Maganda ya kahawa, yanayopatikana kwa urahisi katika wilaya hii, ni matandazo mazuri yakiwa makavu. Yakiwa na ukungu huleta maradhi ya mapafu. Matandazo yaliyolowa huondolewa siku hiyo hiyo. Kinyesi chenye damu ni ishara ya kumwita afisa wa mifugo mara moja, kwani dawa ya maradhi haya, kama vile amproliamu, huokoa wengi ikitolewa mapema.

Vifaranga walioanguliwa mwanzoni mwa Desemba hupita wiki ya tatu hadi ya nane katika miezi ya ukavu. Lakini ukavu una adui wake: mdondo, ambao pia huitwa kideri, huenea kwa kasi kuku wanaposafirishwa kwa wingi kwa ajili ya sikukuu. Hauna tiba, kinga yake ni chanjo. Wengi huchanja katika wiki ya kwanza, hurudia wiki ya tatu, kisha hurudia tena kabla ya kuku kuanza kutaga. Chanjo ya aina ya I-2, inayodondoshwa tone moja jichoni, huvumilia joto kuliko nyingine na hufaa vijiji visivyo na jokofu, mradi isipigwe na jua. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Chanjo ya Gumboro hutolewa katika wiki ya pili na ya nne, na ya ndui kati ya wiki ya sita na ya nane, kwa kuchoma ngozi ya bawa. Chanjo inayotiwa majini huharibiwa na klorini ya maji ya bomba, kwa hiyo maji safi ya mvua au ya kisima ndiyo yanayofaa. Kuku hunyimwa maji kwa saa moja au mbili kabla, ili wote wanywe dozi ikiwa bado hai.

Soko la Mpondwe

Mpaka wa Mpondwe, jirani na Bwera, huunganisha Uganda na Kasindi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Kiswahili ndicho mojawapo ya lugha za biashara hapo. Kuku anayetoka sokoni, hata akionekana mzima, anaweza kuwa amebeba mdondo. Hutengwa kwa wiki mbili mbali na kundi. Kuku aliyepelekwa sokoni asipouzwa naye hutengwa vivyo hivyo, na tenga lililombeba huoshwa na kuanikwa juani.

Januari 2017, Uganda ilithibitisha mafua ya ndege kwa mara ya kwanza, katika ndege wa porini kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, kisha katika ndege wa kufugwa. Kasese nayo ina maji yanayotembelewa na ndege wahamao, likiwemo Ziwa George. Vifo vya kuku wengi kwa ghafla huripotiwa kwa afisa wa mifugo. Mizoga haipelekwi sokoni wala jikoni, bali hufukiwa kwa kina au kuchomwa.

Kuwatenganisha pora na tembe

Kuanzia wiki ya nane hadi ya kumi, upanga wa kichwani huwa mwekundu na mkubwa kwa madume. Pora wakiachwa pamoja na majike hupigana na kuwanyima chakula. Wakitengwa na kuuzwa kwa mpango, hulipa sehemu ya gharama za wenzao: walioanguliwa Julai hutimiza miezi mitano Desemba, soko linapokuwa juu.

Tembe wa aina zilizoboreshwa huanza kutaga kuanzia wiki ya kumi na nane hadi ya ishirini na mbili. Wa kienyeji husubiri hadi mwezi wa sita au wa saba. Viota huwekwa wiki mbili kabla, mahali penye kivuli na utulivu. Chakula cha kutagia huanza pale yai la kwanza linapoonekana, na kuanzia siku hiyo ndipo banda linaanza kulipa deni lake.