Kugawa, kugawanya, kufungasha pamoja: lugha ya vifurushi vya kompaila

Kifurushi (ngeli ya KI-VI) ni umbo la udogo la *furushi*: vitu vilivyofungwa pamoja ili vibebwe kwa mkupuo mmoja. Katika mifumo ya Linux, jina hili hutaja programu inayopakuliwa, kusakinishwa na kuondolewa ikiwa kitu kimoja. Katika simu hutaja huduma ya intaneti inayouzwa kwa kipimo, ambayo Tanzania huitwa pia *bando*. Mfasiri wa maandishi ya Linux afadhali awaachie watu wa simu neno hilo la pili.

Ugumu huanza pale watunzaji wa mfumo wanapojadili kama kompaila zikae katika kifurushi kimoja au zitenganishwe. GCC ni mfano unaofaa. Ilipotolewa mwaka 1987 ilikuwa kompaila ya lugha ya C. Mwaka 1999 herufi zilezile zilipewa maana mpya, yaani mkusanyo wa kompaila za GNU, kwa kuwa lugha nyingine zilikwisha kuingizwa. Debian huugawanya mkusanyo huo: *gcc* kwa C, *g++* kwa C++, *gfortran* kwa Fortran. Arch Linux huziweka C na C++ pamoja, ikaitenga Fortran.

Je, Debian "imegawa" kompaila? Hapana. Ingawa katika hesabu vitenzi hivi hubadilishana nafasi, *gawa* huelemea kumpa kila mtu sehemu yake, na *gawanya* kukifanya kizima kuwa sehemu. Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mchuuzi anayemwaga gunia la dagaa na kupanga mafungu amegawanya. Akiwapa majirani bila malipo, amegawa.

Hata hivyo, *fungu* halifai kutaja sehemu za GCC. Mafungu yote ya gunia moja ni dagaa walewale, ilhali *gcc* na *gfortran* hufanya kazi tofauti. *Kipande* kina hatari zaidi, kwani hudokeza kitu kisichokamilika. Mwanafunzi wa Nyegezi mwenye bando dogo, akisoma kwamba *gcc* ni "kipande cha kompaila", huenda akapakua Fortran asiyoihitaji, na bando likaisha kabla ya zoezi la C ambalo *gcc* na maktaba yake ya msingi vingelitosha. Kila sehemu iliyotengwa, basi, ibaki kuitwa *kifurushi*.

Kinyume cha kugawanya ni *kufungasha pamoja*. *Kukusanya* kungeleta utata, hasa kwa wanaoihusisha kompaila yenyewe na kitenzi hicho. Kazi ya kompaila ni kufasiri msimbo.

*build-essential* ya Debian inahitaji uangalifu wa pekee. Yenyewe haina kompaila ndani. Huagiza *gcc*, *g++*, *make* na vinginevyo visakinishwe.

Sahihi: *Debian imeigawanya GCC katika vifurushi kadhaa.*
Si sahihi: *Debian imegawa vipande vya GCC.*
Sahihi: *Kifurushi hiki huagiza vifurushi vingine.*