Dago la Jangwani

Wavuvi wa Unguja na Pemba wana neno ambalo, kwa dhana yangu, lafaa kuliko mengine yote kuieleza ada ninayokusudia kuisimulia hapa, nalo ni dago: kule kuhama kwa msimu, na nyavu na vyungu, hata pwani isiyokuwa yenu, mkajenga vibanda, mkakaa mpaka upepo ugeuke, kisha mkarejea makwenu. Huko Marekani, katika jangwa la Arizona linalopakana na mto Colorado, watu hwenda dago kila mwaka, na miezi yao hukaribiana sana na ile ya kaskazi yetu. Ila wao hawafuati samaki, bali huikimbia baridi ya majimbo ya kaskazini, na kibanda chao ni nyumba ya magurudumu, yenye kitanda, jiko na tangi la maji, ambayo ama huendeshwa kama basi, ama hukokotwa nyuma ya gari.

Makutano yao makubwa ni Quartzsite, mji mdogo ulio maili 20 hivi mashariki ya mto, ambao wakaazi wake wa daima ni elfu chache tu, ilhali ifikapo Januari uwanda mzima unaouzunguka hujaa wageni. Na ye yote aingiaye katika makaburi ya mji huo hukuta piramidi ndogo ya mawe, na juu ya kilele chake sanamu ya ngamia. Hapo ndipo alipozikwa Haji Ali.

Mwaka 1855 Bunge la Marekani liliidhinisha dola 30,000 za kununulia ngamia, kwa shauri la waziri wa vita, Jefferson Davis, kwa sababu taifa hilo lilikuwa limekwisha kuitwaa kwa vita nchi kubwa na kavu ambayo farasi na baghala hawakuimudu. Merikebu ikatumwa katika bandari za Bahari ya Kati, na mwaka 1856 ikashusha katika pwani ya Texas ngamia thelathini na ushei pamoja na watu wa kuwachunga, na miongoni mwao alikuwamo Haji Ali, mzaliwa wa dola ya Uthmaniya. Mwaka uliofuata, Edward Fitzgerald Beale aliongoza msafara wenye ngamia 25 kupima njia ya kuelekea California. Na walipofika mto Colorado, ambapo wengi walidhani kuwa wanyama hao wa mchanga wangezama, ngamia waliogelea wakavuka wote salama, na baadhi ya farasi na baghala ndio waliochukuliwa na mkondo.

Juu ya ushahidi huo, jambo lenyewe halikudumu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka, ngamia wakanadiwa, wengine wakaachiwa jangwani. Lakini Haji Ali alibaki, akachukua shehena kwa ngamia baina ya mto na machimbo, akawa raia mwaka 1880, akatafuta madini, akafariki Quartzsite mwaka 1902. Ndimi za Wamarekani zilikuwa zimeligeuza jina lake kuwa Hi Jolly, na cheo cha hija, ambacho kwetu humpa mtu heshima hata mbele ya wakubwa wake, kikapotea ndani ya matamshi. Hili lanisikitisha kuliko umaskini aliofia nao. Piramidi ilijengwa juu ya kaburi lake na idara ya barabara ya jimbo, mwaka 1935.

Mwaka huo huo, huko juu mtoni, bwawa la Hoover, lenye kimo cha futi 726, lilizinduliwa, na nyuma yake likaanza kujaa Ziwa Mead. Na mwaka 1938 bwawa la Parker likakamilika, likazaa Ziwa Havasu, jina ambalo kwa lugha ya Wamojave maana yake ni buluu. Nchi iliyohitaji ngamia kwa uhaba wa maji ikawa sasa ina maziwa ya kuendeshea mashua. Tajiri mmoja, Robert McCulloch, mtengenezaji wa misumeno ya injini, alijenga mji kando ya Havasu, na mwaka 1968 akalinunua daraja zima la London kwa dola 2,460,000, mawe yake yakatiwa nambari moja moja, yakavushwa bahari, na daraja likafunguliwa upya jangwani mwaka 1971. Wasimulizi wengi hukomea hapo, wakastaajabu. Mimi nasema kuwa maji hayo yalipopanda yalifunika ardhi za Wachemehuevi, waliokuwa wakilima kando ya mto kabla ya serikali yo yote kuupima. Na katika Ziwa Mead ulizama mji wa St. Thomas, ambao mkaazi wake wa mwisho aliondoka kwa mashua mwaka 1938. Ukame wa karne hii umeyapunguza maji, na misingi ya nyumba za mji huo imetokeza tena juani.

Nyumba za magurudumu zilizidi kuongezeka baada ya vita vya pili vya dunia. Mwaka 1959 Wally Byam, mwenye kiwanda cha nyumba hizo, aliongoza msafara wake kutoka Cape Town kwenda Cairo, wakapita Afrika ya Mashariki hata Uhabeshi. Quartzsite yenyewe ilivuta watu kwa mnada wa vito na mawe ulioanza mwaka 1967, na kwa kuwa uwanda ule ni mali ya serikali kuu, mwaka 1983 ziliwekwa kanuni: kuanzia tarehe 15 Septemba hata 15 Aprili, mwenye kulipa ada hukaa msimu mzima katika sehemu zilizotengwa, kwingineko, siku 14, kisha ahame. Maji huja nayo mwenyewe, na ya uchafu hayamwagwi mchangani. Jioni majirani, ambao jana hawakujuana, huvuta viti kuzunguka moto mmoja.

Wengi wao hufika makaburini kabla ya kuondoka. Kibao kilichopigiliwa kwenye piramidi huanza kwa kuwaambia kuwa hapo ndipo ilipo kambi ya mwisho ya Hi Jolly.