Nusura niwazamishe wavuvi kwa neno moja

Mwaka wangu wa kwanza katika chumba cha habari nilipewa taarifa ya hali ya hewa niitafsiri kutoka Kiingereza. Kazi ya dakika tano, wakubwa walikuwa hawaitaki. Taarifa ilisema baharini kutakuwa na "strong breeze". Nikafungua kamusi: "breeze" ni upepo mwanana. "Strong" kila mtu analijua. Basi nikaandika "upepo mwanana wenye nguvu", nikaenda zangu kunywa chai.

Niliporudi nikakuta naitwa. Mhariri wa zamu, mzee aliyekulia pwani, akanisomea sentensi yangu kwa sauti mbele ya watu wote. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, umewahi kupanda ngalawa?"

Sijawahi. Na tangu siku ile neno hili halijaniacha, nimekuwa nalifuata kila ninapolikuta.

Tuanze na Waingereza. "Breeze" si neno lao la asili. Walilipata karne ya 16 kutoka kwa mabaharia wa Kihispania na Kireno, waliokuwa wakisema "brisa" au "briza". Na hao hawakuwa na maana ya upepo laini hata kidogo. Kwao ulikuwa upepo wa kaskazini-mashariki, ule ule upande unakotokea kaskazi yetu, upepo wa kusukuma jahazi. Ulaini ulikuja baadaye, neno liliposhuka kutoka melini likaanza kutumiwa na watu wanaokaa verandani.

Lakini mabaharia hawakusahau. Mwaka 1805 Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alitunga vipimo vya nguvu ya upepo. Katika vipimo hivyo kama vinavyotumika leo, kuanzia 0 hadi 12, namba 2 mpaka 6 zote zinaitwa "breeze". Namba 2 unausikia usoni tu, majani yanachezacheza. Namba 6, ndiyo ile "strong breeze" yangu, ni kilomita 39 hadi 49 kwa saa, mawimbi ya mita 3 hivi katika bahari kuu, na nchi kavu mwavuli unakushinda. Huo ndio upepo niliouita mwanana!

Waingereza wana neno jingine, "zephyr", la washairi zaidi kuliko la watu wa kawaida. Hili ni la Wagiriki: Zephyros, upepo wa magharibi, ambaye kwao alikuwa mungu mwenye ndugu zake Boreas wa kaskazini na Notos wa kusini. Pale Athens bado umesimama Mnara wa Pepo, wenye kuta nane na pepo nane zilizochongwa juu yake, na Zephyros ni kijana asiye na viatu anayemwaga maua. Mpole kabisa. Ila katika tenzi za Homer, zilizotangulia mnara huo kwa karne nyingi, kijana huyu mara nyingi ni mkorofi: anavuruga bahari, na ndiye anayeitwa pamoja na Boreas kuja kuchochea moto wa kumchoma maiti Patroklos. Tabia yake ilitulia kadiri watu walivyozidi kumwimba.

Neno hasa la Kigiriki la upepo mwembamba ni "aura". Ni ile hewa ya ubaridi inayotoka mtoni au baharini alfajiri. Watu wa pwani tungesema umande. Odiseo, akitupwa ufukweni uchi na amechoka, anaihofia aura ya mto isije ikammaliza kabla hakujapambazuka.

Sasa Kiebrania, na hapa ndipo pananoga. "Ruach" ni upepo, ni pumzi, ni roho, vyote kwa mpigo. Limo katika maandiko ya Kiebrania zaidi ya mara 370, na kila mara mfasiri anapaswa kuchagua. Katika mstari wa pili wa Mwanzo, tafsiri ya King James ya 1611 ilichagua Roho ya Mungu juu ya maji; NRSV ya 1989 ikachagua upepo utokao kwa Mungu. Neno ni lile lile, lakini msomaji wa mmoja anaona bahari tu, wa pili anaanza kufikiria Utatu.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha Eliya mlimani Horebu, amemkimbia Yezebeli. Unapita upepo mkubwa wa kupasua miamba, nao unaitwa ruach. Mungu hayumo. Tetemeko, hayumo. Moto, hayumo. Halafu kinakuja kitu cha mwisho, ambacho Kiebrania kinakitaja kwa maneno matatu: sauti, kimya, nyembamba. Sauti ya kimya chembamba! Inasikikaje?

Wayahudi waliotafsiri maandiko kwa Kigiriki karne kadhaa kabla ya Kristo walikutana na fumbo hilo. Upepo mkubwa wakauita "pneuma", na kile cha mwisho wakakifanya sauti ya aura nyembamba. Yaani wakamletea Eliya upepo mwanana ambao Kiebrania hakikuutaja. Jerome, alipotafsiri kwa Kilatini mnamo mwaka 400, alibaki na aura hiyo. King James wakauondoa upepo, wakaweka sauti ndogo tulivu, na Biblia yetu ya Kiswahili ya 1952 ikafuata njia hiyo. Mimi nakiri naupenda upepo wa Wagiriki, ingawa najua walibuni.

Nasi je? "Roho" tumeipata kwa Waarabu, na "ruh" yao ni ndugu wa damu wa ruach. Lakini hatukuhitaji kuazima sana: upepo na pepo tulikuwa nazo kabla. Mtu anakwenda ufukweni kupunga upepo, mwingine anapelekwa kwa mganga kupungwa pepo, kitenzi kimoja.

Sentensi yangu mzee aliifuta yote kwa kalamu nyekundu. Juu yake akaandika: "Upepo mkali. Vyombo vidogo visitoke."