Kutia majira

Saa isiyokwenda sawa hutiwa majira. Neno hilohilo ni la mabaharia: majira ya chombo ni njia kinayoishika baharini. Wakati na mwendo vimo katika neno moja, na mafundi wetu wa mawasiliano wanalihitaji.

Simu iliyo Nyacheki, huko Kisii, kilomita 3 kutoka mnarani, mawimbi yake hufika kwa mikrosekunde 10. Mnara huiamuru itangulize kutuma, isije ikaparamia zamu ya simu nyingine. Mwaka 2020, maputo ya kampuni za Loon na Telkom Kenya yalirusha 4G kutoka kilomita 20 angani, eneo la Kisii likiwemo. Puto hufuata upepo, hivyo umbali wake na simu hubadilika; wa ndege hubadilika upesi zaidi. Ndege ya kilomita 900 kwa saa hukata mita 250 kila sekunde, ilhali hatua moja ya marekebisho ya muda wa kutuma katika 4G ni kama mita 78. Ndege ikielekea mnarani moja kwa moja, amri ya mnara kwa simu iliyomo hupitwa na wakati mara tatu kwa sekunde.

“Kusawazisha” kunatosha kwa saa mbili zilizotulia ukutani. Kwa chombo kinachokwenda mbio, tuandike kutia majira. Vitabu vya ufundi vilipokee neno hili.